Kutoka Maabara hadi Jikoni: Somo la Chumvi Yenye Madini Joto

Utangulizi

Mlaji anaponunua chumvi, mara nyingi haulizi swali lolote. Huuliza bei ya sukari, huupekua unga kama una wadudu, huinusa samli kabla ya kuilipia. Lakini chumvi huipokea kama ilivyo, kwa kuwa ni ya bei ndogo na kwa kuwa chumvi zote huonekana sawa. Pakiti mbili zinaweza kulingana kwa weupe, kwa punje na kwa ladha, ilhali moja imebeba kinga ya ubongo wa mtoto ambaye bado hajazaliwa na nyingine haikubeba chochote. Tofauti hiyo haionekani, hainuswi wala haionjwi.

Kwa sababu hiyo tumeichagua chumvi kuwa mfano wa somo hili. Tunataka kueleza jinsi utafiti unavyozaa mageuzi, jinsi mageuzi yanavyoboresha ustawi wa watu, na kwa nini kazi hiyo yote inaweza kupotea katika hatua ya mwisho, yaani pale mlaji anapotoa fedha yake dukani au gulioni. Utafiti unaoishia kabatini haumlindi mtu. Sheria nayo, kama hakuna anayeidai sokoni, hugeuka maandishi tu. Mlaji aliyeelewa jambo ni sehemu ya mageuzi hayo, na somo hili limeandikwa kwa ajili yake.

Madini joto ni nini?

Madini joto, ambayo kitaalamu huitwa iodini, ni madini yanayohitajika mwilini kwa kiasi kidogo sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha apate mikrogramu 250. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mtu akipata kiasi hicho cha kawaida kila siku kwa muda wa miaka 70, jumla yake haifikii hata gramu 4, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa maisha yake yote.

Pamoja na udogo huo, mwili hauwezi kuyatengeneza wenyewe wala kuyaweka akiba kwa muda mrefu. Ni lazima yaletwe na chakula, siku baada ya siku. Tezi ya thairoidi, iliyo upande wa mbele wa shingo, huyatumia kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji, matumizi ya nguvu na joto la mwili, na zaidi ya yote, ujenzi wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni.

Madini joto yanapopungua, tezi hujitahidi kupita uwezo wake, nayo huvimba. Uvimbe huo wa shingo ndio unaojulikana kwa jina la rovu au goita. Kwa muda mrefu watu waliuona uvimbe wenyewe kuwa ndiyo maradhi, na mahali pengine shingo iliyovimba ilizoeleka hata ikahesabiwa kuwa jambo la kawaida. Uchunguzi umeonyesha kuwa rovu ni ishara tu ya nje. Madhara makubwa zaidi hayaonekani shingoni: mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa amekufa, mtoto kuzaliwa kiziwi au akiwa na udumavu mkubwa wa akili na mwili, na watoto wengi zaidi kukua wakiwa na uwezo mdogo wa kujifunza kuliko ambao wangekuwa nao. Mtoto wa namna hii ya mwisho hana alama yoyote. Huenda shule, hukaa darasani pamoja na wenzake, na walimu na wazazi humwita mzito wa kuelewa. Hakuna anayefikiria kuwa chanzo kilikuwa mlo wa mama yake.

Kwa nini maeneo mengine huathirika zaidi? Jibu limo katika udongo. Mvua na mmomonyoko wa miaka mingi huyaosha madini joto kutoka katika ardhi, hasa ya milimani, na kuyapeleka mtoni na hatimaye baharini. Mazao yaliyopandwa katika udongo huo hukosa madini joto, hata yakiwa yamestawi na kupendeza. Mtu anaweza kuwa na ghala lililojaa mahindi na maharagwe na bado mwili wake ukawa na njaa hii isiyoonekana. Tena, kula mihogo ambayo haikuandaliwa vizuri huongeza tatizo, kwa kuwa sumu iliyomo humzuia mlaji kuyatumia hata madini joto machache aliyoyapata.

Uchunguzi uliofungua njia

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Iodini iligunduliwa nchini Ufaransa mwaka 1811, katika majivu ya mwani wa baharini. Mwishoni mwa karne hiyo mwanakemia wa Ujerumani aliyeitwa Eugen Baumann alionyesha kuwa madini hayo yamo ndani ya tezi ya thairoidi. Hata hivyo, kujua kwamba kitu kimo mwilini hakutoshi kuthibitisha kwamba kukiongeza katika chakula kutazuia maradhi. Uthibitisho huo ulihitaji jaribio.

Jaribio lililosadikisha wengi lilifanyika katika shule za mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1917. Daktari David Marine na mwenzake O. P. Kimball waliwapa wanafunzi wa kike dozi ndogo za iodini mara mbili kwa mwaka, kisha wakawalinganisha na wanafunzi ambao hawakuzitumia. Miongoni mwa wasichana 2,190 waliotumia iodini, ni 5 tu waliopata uvimbe wa shingo. Miongoni mwa wasichana 2,305 ambao hawakutumia, waliopata walikuwa 495. Tofauti kubwa namna hiyo haikuacha nafasi ya kusema kuwa ni bahati.

Baada ya hapo likaja swali gumu zaidi, ambalo halikuwa la kitabibu bali la utawala: nchi nzima itafikiwaje? Haiwezekani kumpelekea kila mtu dawa kila siku. Uswisi, nchi ya milima ambako rovu lilikuwa limeenea mno, ilianza kuuza chumvi iliyoongezwa iodini mwaka 1922. Jimbo la Michigan nchini Marekani likafuata mwaka 1924. Chumvi ilichaguliwa kwa hoja iliyo rahisi kueleweka. Tajiri na maskini huila, mkubwa na mdogo huila, mtu huila kwa kiasi kinachokaribiana kila siku, na hutengenezwa mahali pachache kuliko vyakula vingine. Anayeweza kuifikia chumvi inakotoka anaweza kuifikia kila sufuria.

Hali ya Tanzania kabla ya mageuzi

Nchini Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilishirikiana na watafiti wengine kupima ukubwa wa tatizo. Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu na ya mikono: kufika shuleni, kumsimamisha mtoto mmoja mmoja, kumpapasa shingo kwa vidole, na kuandika. Nyanda za Juu Kusini na mikoa ya magharibi ilionekana kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya. Ilikadiriwa kuwa watu kama wanne kati ya kila kumi nchini walikuwa wakiishi katika maeneo yenye upungufu wa madini joto. Katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya zaidi, wastani wa asilimia 61 ya watoto wa shule walikuwa na uvimbe wa tezi katika miaka ya 1980.

Tunaomba msomaji atue hapa kidogo. Kabla ya kipimo hicho, kila familia ilikuwa na msiba wake peke yake. Mama aliyepoteza mimba tatu alidhani ni majaliwa yake au ni kijicho cha jirani. Mzazi wa mtoto kiziwi alidhani ni laana ya ukoo. Utafiti ulipokusanya mambo hayo yote na kuyaweka kwenye jedwali moja, ilidhihirika kwamba yalikuwa na chanzo kimoja, na kwamba chanzo hicho kinazuilika kwa gharama ndogo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya utafiti kwa mwananchi: humwondolea lawama isiyo yake na kumwonyesha mlango wa kutokea.

Vidonge kwanza, kisha chumvi

Hatua ya kwanza ilikuwa ya dharura. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi. Kidonge kimoja kiliweza kumkinga mtu kwa muda mrefu, na kiliwafikia wengi ambao wasingeweza kusubiri viwanda vya chumvi vibadilike. Lakini mpango huo ulikuwa na udhaifu wake. Ulihitaji magari, watumishi na fedha kila mara, na ugawaji ulipochelewa kinga iliisha. Mpango wa namna hii hufaa kuzima moto, si kujenga nyumba.

Mageuzi ya kudumu yalikuja kwa njia ya kanuni. Mwaka 1994 zilitungwa kanuni zilizotaka chumvi inayotengenezwa na kuuzwa kwa ajili ya kuliwa na watu iwe imeongezwa madini joto. Watengenezaji wa chumvi wakubwa na wadogo, kuanzia chemchemi za Uvinza mkoani Kigoma hadi mashamba ya chumvi ya pwani, walitakiwa kubadili namna ya kufanya kazi. Mwenye kiwanda alihitaji mashine. Mwenye shamba dogo alihitaji bomba la kunyunyizia, dawa yenyewe na maelekezo ya kuichanganya sawasawa. Mashirika ya kimataifa, likiwamo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, yalisaidia kupatikana kwa vifaa.

Hesabu ya mageuzi haya ni nyepesi, na ni vizuri mlaji aijue. Tuseme kilo moja ya chumvi ina miligramu 30 za madini joto. Mtu akila gramu 5 za chumvi hiyo kwa siku, atapata mikrogramu 150, ambacho ndicho kiasi anachohitaji mtu mzima. Hakuna kidonge kilichomezwa, hakuna safari ya zahanati, wala mapishi ya nyumbani hayakubadilika.

Matokeo

Mageuzi yasiyopimwa hubaki kuwa matumaini. Kwa hiyo watafiti walirudi. Katika wilaya zile zilizokuwa na asilimia 61 ya watoto wenye uvimbe wa tezi, kipimo cha mwaka 1999 kilionyesha kuwa kiwango kilishuka hadi asilimia 12.3. Mwaka 2004 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima uliohusisha zaidi ya watoto 140,000 wa shule za msingi. Watoto walipimwa shingo, na chumvi ya majumbani mwao ikapimwa kwa dawa inayoigeuza chumvi yenye madini joto kuwa na rangi ya buluu au zambarau. Uvimbe wa tezi ulionekana kwa asilimia 6.9 ya watoto. Chumvi yenye madini joto ilikutwa katika asilimia 83.6 ya kaya.

Haya ni mafanikio ambayo taifa lina haki ya kujivunia. Lakini uchunguzi huohuo ulisema na jambo jingine. Mkojo wa watoto ulipopimwa, robo yao walikuwa bado wanapata madini joto pungufu, na asilimia 35 walikuwa wanapata kupita kiasi kinachotakiwa. Maana yake ni kwamba katika sehemu fulani dawa ilikuwa ikitiwa kidogo au haitiwi kabisa, na katika sehemu nyingine ilikuwa ikitiwa bila kipimo. Kiasi kikizidi nacho chaweza kuisumbua tezi. Kwa hiyo kazi ya watengenezaji haikuwa kuongeza madini joto tu, bali kuyaongeza kwa usawa. Na kazi ya vyombo vya serikali haikuwa kutunga kanuni tu, bali kurudi kupima mara kwa mara.

Funzo la Pemba

Liko jambo moja katika historia hii linalostahili kuelezwa peke yake, kwa sababu linaonyesha hatari ya kuamini kabla ya kupima. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa watu wa visiwani hawawezi kukosa madini joto. Hoja ilionekana kuwa na mantiki: madini joto yako baharini, watu wa visiwani wanakula samaki, basi wamekingwa. Kwa sababu ya dhana hiyo, macho ya wengi yalielekezwa milimani.

Uchunguzi uliofanyika Zanzibar mwaka 2001 uliibomoa dhana hiyo. Uvimbe wa tezi ulikutwa kwa asilimia 21.3 ya watoto wa shule waliopimwa Unguja na asilimia 32 ya wale wa Pemba. Unguja, chumvi yenye madini joto ilikuwamo katika asilimia 63.5 ya kaya. Pemba ilikuwa katika asilimia 1 tu. Chumvi iliyokuwa ikitumika huko ilikuwa ya bahari kweli, lakini chumvi inayopatikana kwa kukausha maji ya bahari juani hubaki na madini joto machache mno, yasiyotosha kumkinga mtu. Samaki nao, kwa kiasi walicholiwa, hawakutosha kuziba pengo.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu hadi leo wapo wauzaji wanaomwambia mteja, kwa nia njema kabisa, kwamba chumvi yao ni ya asili, imetoka baharini moja kwa moja, kwa hiyo haihitaji kuongezwa kitu. Maneno hayo ni ya kuvutia, lakini kipimo kilikwisha kuyakanusha.

Utafiti hujisahihisha

Mlaji anaweza kuuliza: je, kila kinachoitwa utafiti kiaminiwe? Hapana, na hapa pia historia ya madini joto inatufunza. Mwaka 2009 wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, walichapisha uchambuzi kuhusu ule mpango wa vidonge vya Tanzania. Walikadiria kuwa watoto ambao mama zao walikuwa wamekingwa wakati wa ujauzito walifika mbele zaidi shuleni, kwa kiasi cha kati ya theluthi na nusu ya mwaka wa masomo, na kwamba wasichana walinufaika zaidi. Matokeo hayo yalinukuliwa kwa wingi. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine walizirudia hesabu hizo, wakarekebisha makosa waliyoyakuta, wakaona kuwa faida hiyo ya masomo haikusimama imara kama ilivyokuwa imeelezwa.

Je, hilo linaangusha hoja ya chumvi yenye madini joto? La hasha. Ukweli kwamba upungufu mkubwa wa madini joto huharibu ubongo wa mtoto umethibitishwa na tafiti nyingi, katika nchi nyingi, kwa njia mbalimbali. Kilichotiliwa shaka ni ukubwa wa faida moja, katika mpango mmoja, kwa njia moja ya kuhesabu. Mlaji mwenye busara hujifunza kutofautisha mambo hayo mawili. Utafiti mmoja ni shahidi mmoja. Mashahidi wengi wanaokubaliana bila kuelewana kabla ndio wanaojenga hukumu. Anayekuuzia bidhaa kwa kusema "utafiti umethibitisha" aulizwe ni utafiti gani, ulifanyika kwa nani, na kama kuna wengine waliourudia wakapata jibu lilelile.

Kiungo cha mwisho ni mlaji

Sasa turudi dukani. Udongo wa milimani haujabadilika tangu mwaka 1994, wala hautabadilika. Kinga tunayoizungumzia si chanjo anayopewa mtu mara moja ikaisha; ni kinga inayonunuliwa upya kila chumvi inapokwisha jikoni. Siku wananchi wakirudia chumvi isiyo na madini joto, upungufu utarudi, na watakaolipa kwanza ni watoto watakaozaliwa baada ya hapo.

Tuchukue mfano wa mama anayenunua chumvi gulioni. Mbele yake kuna pakiti iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji, na pembeni kuna gunia lililo wazi ambalo muuzaji anapima kwa kopo. Ya gunia ni nafuu kidogo. Huenda ina madini joto, huenda haina. Huenda yalikuwamo yakapungua kwa jua na unyevu. Huenda hata ni chumvi iliyoletwa kwa ajili ya kuhifadhia ngozi za wanyama au kwa shughuli za viwandani, ikapotoshwa njia. Akinunua ile ya gunia, akiba atakayoipata kwa mwezi ni ndogo mno. Endapo yeye au binti yake ni mjamzito, anachokiweka rehani hakinunuliki tena kwa fedha yoyote, kwa kuwa ubongo wa mtoto haujengwi mara ya pili.

Hatusemi haya ili kumlaumu mwenye kipato kidogo. Wajibu wa kwanza ni wa mtengenezaji, wa pili ni wa msambazaji na muuzaji, na vyombo vya usimamizi vina wajibu wa kukagua na kuchukua hatua. Lakini mkaguzi hawezi kuwa katika kila gulio kila siku. Mlaji yuko huko kila siku.

Mambo ya kuzingatia

1. Nunua chumvi iliyofungwa. Soma kwenye kifungashio kama imeandikwa kuwa ina madini joto. Angalia jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe, uzito, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Kifungashio kisicho na jina la mtengenezaji hakina wa kuwajibika.

2. Usitegemee macho wala ulimi. Weupe, ulaini wa punje au ukali wa ladha si dalili ya kuwapo kwa madini joto.

3. Ihifadhi vizuri. Iweke katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko na mwanga wa jua. Unyevu, joto na jua huyapunguza madini joto kidogo kidogo.

4. Usiioshe chumvi. Wapo wanaoiosha chumvi ya mawe ili kuondoa mchanga. Maji hayo huondoka na madini joto. Kama chumvi ina mchanga, irudishe ulikoinunua.

5. Itie chakula kinapokaribia kuiva. Mchemko mrefu hupoteza sehemu ya madini joto.

6. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza kinga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa kuwa chumvi nyingi huchangia shinikizo la damu. Kanuni ni hii: tumia chumvi kidogo, na hiyo kidogo iwe yenye madini joto.

7. Wajali zaidi wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Mwenye uvimbe wa shingo, au anayetibiwa maradhi ya tezi, apate ushauri wa daktari na asijitibu kwa dawa za kununua.

8. Toa taarifa. Ukikuta chumvi ya kula inayouzwa bila maandishi, au yenye maandishi unayoyatilia shaka, mweleze afisa afya wa eneo lako, ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania, au Tume ya Ushindani. Tunza risiti na kifungashio, kwani malalamiko yenye kielelezo hufuatiliwa kwa urahisi zaidi.

Jina la madini joto lisimtie mtu hofu. Madini haya hayaleti homa, wala hayazuii uzazi, kinyume cha uvumi unaosikika mara kwa mara. Upungufu wake ndio unaoharibu mimba.

Hitimisho

Tumeona safari ndefu: majivu ya mwani nchini Ufaransa, wasichana wa shule mjini Akron, vidole vya mpimaji kwenye shingo ya mtoto wa Nyanda za Juu Kusini, kanuni za mwaka 1994, bomba la kunyunyizia katika shamba la chumvi, na kipimo kilichoibomoa dhana kuhusu Pemba. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyotosha peke yake. Kila moja ilitegemea iliyotangulia, na zote zinategemea ile inayofuata, ambayo iko mikononi mwa mnunuzi.

Maendeleo mara nyingi hutajwa kwa barabara, madaraja na majengo, mambo ambayo jicho huyaona na mkono huyagusa. Somo hili limezungumzia maendeleo ya aina nyingine: mtoto ambaye angezaliwa kiziwi lakini anasikia, mwanafunzi ambaye angeshindwa hesabu lakini anaziweza, mama ambaye angezika lakini ananyonyesha. Watu hao hawajijui, wala hakuna atakayewahesabu mmoja mmoja, kwa kuwa balaa lililozuiwa haliachi alama. Tunaweza kuwalinda wengine kama wao kwa kuuliza swali moja kila tunaponunua chumvi: je, ina madini joto?

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Chumvi unayoitumia sasa imeandikwa nini kwenye kifungashio chake? Mtengenezaji wake ni nani?

2. Kwa nini chumvi ilichaguliwa kubeba madini joto badala ya sukari, unga au mafuta ya kupikia?

3. Kwa nini kula samaki wa baharini hakukutosha kuwakinga watu wa Pemba?

4. Muuzaji akikuambia kuwa "utafiti umethibitisha" ubora wa bidhaa yake, utamuuliza maswali gani?

5. Katika eneo lako, chumvi isiyofungwa inauzwa wapi, na kikundi chako kinaweza kuchukua hatua gani bila kugombana na wauzaji?